Nilivyokaa Mdomoni mwa Duara

Watu wanaopenda kusahihisha imani za wenzao siwapendi. Siwapendi hata wanapokuwa sahihi. Na mimi ni Mkristo, nimebatizwa, nimeimba kwaya mpaka moshi wa kuni ukaninyang'anya sauti ya kwanza na kunipeleka ya tatu, kwa hiyo mtu asije akaniambia silijui Neno. Nalijua. Na hao ninaowasema nawajua vilevile, maana nimekaa nao benchi moja miaka mingi. Siku nilipohitaji mtu mmoja tu wa kunisaidia ndugu yangu asifukiwe na mawe, walikuja na spika.

Ngoja nieleze vizuri, nisije nikaanza na hasira halafu nikasahau habari yenyewe.

Nilikuwa mama lishe kwenye machimbo, huku kati ya Kahama na Geita. Turubai moja, mafiga, masufuria mawili makubwa, benchi za mbao zisizorandwa. Wateja wangu walikuwa wachimbaji kutoka kila mkoa unaoujua, Waislamu, Wakristo, na wale wasiosema wako wapi mpaka wafe. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alikuwa akichimba kwenye duara lililokuwa mbele kabisa ya kibanda changu. Duara ni shimo tu la kushuka chini, jembamba kama kisima, halafu huko chini linapinda kuufuata mwamba wenye dhahabu. Ili lisiwaangukie waliomo, linashikiliwa na miti iliyopigwa ukutani kuanzia juu hadi chini, wenyewe wanaiita matimba. Mti ukioza unabadilishwa. Elimu yote ndiyo hiyo, haina chuo.

Mama yetu yuko Nkome, ziwani, anaanika dagaa. Siku mdogo wangu alipopanda gari kuja kwangu, mama alinipigia simu. Si mtu wa maneno mengi. "Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, "huyo ndiye wa mwisho. Sizai tena." Akakata. Nilimwelewa. Kuanzia siku ile kila yule kijana alipoteremka shimoni nilikuwa napika huku sikio liko kule.

Sasa lile duara lilikuwa na masharti yake. Kulikuwa na kamba ya katani imezungushwa kwenye vigingi, imefungwa vitambaa vyekundu, na mwanamke alikuwa haruhusiwi kuivuka. Eti dhahabu ina wenyewe huko chini, na wenyewe hao hawataki mwanamke, hasa akiwa kwenye siku zake. Akisogea, mwamba unakimbia na shimo linakasirika. Kwa hiyo mimi nilikuwa naweka sahani kwenye ubao chini ya kamba, anakuja mwanamume kuzichukua. Wali wangu ulikuwa unapita. Maharage yalikuwa yanapita. Miguu yangu ndiyo ilikuwa marufuku. Jamani, jini gani hilo linalomkimbia mpishi halafu linavumilia chakula chake? Nilikuwa nacheka peke yangu pale mafigani.

Mwenye duara alikuwa mtu wa makamo, mpole ukimkuta baa, mkali ukimgusia mali yake. Aliwahi kumleta mganga kutoka vijijini huko nyuma ya Kahama. Mganga akachinja mbuzi, akafukia vitu vyake, akamvalisha kila mchimbaji uzi mweusi kiunoni. Tangu siku hiyo ukimuuliza yule bwana habari za usalama anakuambia duara limekingwa. Ukimuuliza habari za miti anakuambia limekingwa. Angeulizwa habari za choo angesema limekingwa.

Mvua zilipoanza, mdogo wangu alikuja kunywa chai asubuhi moja, nywele zimejaa udongo.

"Dada, matimba yanalia."

"Yanalia vipi?"

"Yanalia tu. Kwaa, kwaa. Jana kipande kimeshuka, kikubwa kama ndoo. Kimepita hapa." Akaonyesha sikio lake, akacheka.

Alicheka! Nikaweka chini birika. Nikamwambia asirudi mle mpaka miti ibadilishwe, akaniangalia kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. Akapandisha fulana, akanionyesha uzi mweusi kiunoni. Halafu akatia mkono mfukoni akatoa kichupa cha mafuta ya upako, yale tunayopewa kanisani.

"Dada, mimi nimejikinga pande zote."

Pande zote isipokuwa juu, ambako ndiko mawe yaliko. Nilimtazama nikaona mama yetu alizaa mtoto mzuri wa sura, kichwani hakumwekea kitu.

Nilimfuata mwenye duara siku hiyohiyo. Nilisimama upande wangu wa kamba kama sheria ilivyo, yeye upande wake, amekaa juu ya pikipiki.

"Shikamoo," nikasema, ingawa hanizidi kwa miaka mingi.

"Marahaba, mayu," akaniita mama kwa Kisukuma. "Chakula bado?"

"Chakula kipo. Nimekuja kwa habari ya miti. Vijana wanasema imeoza, inalia."

"Mayu, wewe pika."

"Napika. Lakini nawapikia watu wazima, siyo maiti."

"Tangu mganga aje, kuna aliyekufa humu?"

"Kwa hiyo mnamsubiri wa kwanza?"

Akatema mate pembeni, haraka, kutoa nuksi. "Usituletee mkosi na huo mdomo wako. Duara limekingwa."

Ndiyo hapo nilipofanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka najisonya mwenyewe. Nilikwenda kanisani kuomba msaada.

Kanisa letu lilikuwa la mabati na matofali mabichi, na mwinjilisti wetu alikuwa kijana aliyehamia kutoka mjini, mwenye koti la suti asilolivua hata jua likiwa utosini. Nilimweleza yote, nikamweleza na kile kipande cha ukubwa wa ndoo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yakamjaa machozi. "Mama," akasema, "Mungu amekutumia kutufunulia jambo." Nikasema moyoni, haya, sasa nimepata watu. Mzee wa kanisa mmoja alikuwa fundi seremala, mwingine alikuwa na shamba la mikaratusi inayosimama wima tangu sijaolewa. Nikaona miti hiyo hapo, na mikono ya kuipiga ndiyo hiyo.

Wakaita kikao. Mwenyekiti wa umoja wa wanawake akaja na kitenge kipya. Wakazungumza muda mrefu sana, na mti haukutajwa hata mmoja. Walichoona wao ni kwamba tatizo la lile duara ni imani potofu. Mzizi ni imani, wakasema. Watu wale wamefungwa na uongo, na Mkristo akinyamaza mbele ya uongo, damu yao itadaiwa mikononi mwake. Nilijaribu kusema kwamba damu ya mdogo wangu ilikuwa bado iko mwilini mwake, na nilikuwa naomba ibaki humo. Mwenyekiti akanipapasa bega.

Walikuja siku ya pili mchana, na jenereta kwenye guta, na spika mbili nyeusi. Wakazifunga kwenye nguzo za turubai langu, maana ndipo penye kivuli. Wateja wangu wakahama na sahani zao. Mwinjilisti akashika kipaza sauti, akawageukia wachimbaji kule ng'ambo ya kamba, akaanza kuwasahihisha.

Akasema dhahabu haina majini. Akasema kamba ya katani ni ya kufungia mbuzi. Akasema uzi ni uzi, uwe mweusi uwe mwekundu, na aliyeuvaa amevaa uzi tu. Akamtukana mganga kwa lugha ya kanisani, ile inayotukana bila tusi. Na kila alichosema kilikuwa kweli! Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Ningeweza kuyasema yote hayo mimi mwenyewe, tena kwa maneno machache, bila jenereta. Wachimbaji walisikiliza kidogo, kama wanavyosikiliza tangazo la dawa ya panya, halafu mwenye duara akafungulia muziki kwenye redio ya pikipiki. Mwinjilisti akaongeza sauti. Na yule naye akaongeza. Nikasimama katikati na mwiko mkononi, huku injili, huku muziki wa dansi.

Kuna mchimbaji mmoja, Mwislamu wa Kigoma, mzee kuliko wenzake, alikuja kuchukua maji. Akasimama karibu yangu, akamsikiliza mwinjilisti kwa adabu kabisa.

"Huyu kijana anasema vizuri," akaniambia. "Atasema na habari ya miti?"

"Ngoja," nikamwambia. "Labda anaileta mwishoni."

Mwishoni alileta maombi. Aliwaita mbele vijana wa kanisa letu wanaochimba pale, mdogo wangu akiwemo, akawaamuru wavue zile nyuzi. Wakavua, wanaona haya. Akawapaka mafuta kwenye paji la uso, akawatangazia mbele ya watu wote: "Sasa shukeni bila hofu! Mmefunikwa!" Watu wetu wakapiga makofi na vigelegele. Muda wote huo alikuwa akiwaambia wale wapagani kwamba kitu ulichofunga kiunoni hakizuii jiwe, halafu anawaambia walio wake kwamba kitu ulichopaka usoni kinazuia.

Nilimvuta koti. "Mtumishi, sema habari za miti. Hapo hapo kwenye spika. Sema tu miti ibadilishwe, na kwamba kanisa litatoa mikaratusi."

"Mama," akanijibu, jasho linamtiririka, "sisi hatukutumwa kwa habari za miti. Tumetumwa kwa habari za roho."

"Usimzuie Roho, mama," mwenyekiti akadakia.

"Roho gani anayezuiwa na mkaratusi?"

Walikaa kwenye benchi zangu wakala pilau iliyokuwa ya wachimbaji, wakaniombea baraka kwa ukarimu ambao sikuutoa, wakafungua spika zao wakaondoka. Jioni ile kwenye grupu la kanisa kulikuwa na picha: mwinjilisti ameinua mkono, nyuma yake kamba yenye vitambaa, chini ya picha maandishi kwamba ngome ya adui imevunjwa. Watu wakaweka makopa mengi mekundu. Ngome ilikuwa imesimama palepale. Kilichokuwa kinavunjika ni matimba.

Sasa mtu ataniuliza, je, wewe ulitaka wanyamaze? Mkristo aone mwenzake anaamini upuuzi aseme sawa tu? Sikutaka hivyo, na sitaki. Ila nimewatazama sana hawa wasahihishaji wetu. Hawakuwa wanamwona yule mchimbaji. Walikuwa wanaona kosa limesimama na miguu miwili. Kosa linafurahisha, maana ukilikosoa unarudi nyumbani umenenepa roho, umekula pilau, na picha unayo. Mtu anachosha. Mtu ana shimo lenye miti iliyooza, na mti ni mzito kuubeba, na unachubua bega, na ukishaupiga mle ndani hakuna anayekupigia kigelegele. Wanaoweza kusahihisha mpo wengi, mabenchi yamejaa. Mbeba mti hata mmoja sikumpata.

Usiku mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Asubuhi mdogo wangu alikuja kunywa chai, na safari hii hakucheka. Uzi alikuwa ameuvaa tena, niliuona alipoinama. Kichupa nacho kilikuwa mfukoni. Alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Leo naingia kona ya chini kabisa," akasema.

"Usiingie."

"Tumeufikia mwamba, dada. Nikikosa leo sina changu."

"Matimba?"

Akatazama pembeni. "Yamenyamaza."

Yakilia, angalau yanakuambia kitu. Akanywa, akaweka kikombe, akaniambia ahsante dada, akapita chini ya kamba. Nilimwona anafunga kamba ya winchi kiunoni, juu ya ule uzi wake wa kipumbavu. Kulikuwa na wenzake wa zamu ya usiku bado wako chini, wanasubiri kupandishwa. Na mimi nikawaza, ninaweza kupiga kelele. Nitapiga kelele niseme miti imeoza, na wote wanajua imeoza, na watashuka. Hakuna mtu pale aliyekosa habari za miti. Walichokuwa wanakiogopa ni kingine kabisa.

Nikavua aproni. Nikaacha mwiko ndani ya maharage. Nikaruka kamba.

Sikukimbia. Nilitembea kama mtu anayekwenda kisimani, na kwa hatua zile chache hakuna aliyeniona, maana hakuna aliyewahi kutegemea kuona mwanamke pale. Mdomoni mwa duara kulikuwa na ndoo imepinduliwa, ndiyo kiti cha mvuta winchi akipumzika. Nikaikalia. Nikapanua kitenge changu vizuri, nikaweka mikono magotini.

Mvuta winchi aliponiona aliruka pembeni utadhani amekanyaga nyoka. "Mamaaa! Mama lishe! Umefanya nini?"

"Nimechoka kusimama."

Loo, kelele zilizopigwa pale! Mmoja ameshika kichwa, mwingine ananiambia nitoke, lakini hakuna anayethubutu kunigusa anitoe. Mtu mmoja akainama pembeni yangu, mbali kidogo, akapiga yowe kuelekea shimoni: "Tokeni! Tokeni wote! Mwanamke yuko mdomoni!" Na hao wa zamu ya usiku, ambao matimba yaliwalilia siku zote za nyuma wasijali, walipanda mbio wakikanyaga hayohayo matimba, mmoja baada ya mwingine, wanakanyagana vichwa. Nilikuwa nawaona wanapita mbele yangu wakiwa weupe kwa vumbi, hawataki hata kunitazama. Yule mzee wa Kigoma ndiye aliyepanda mwisho. Alinitazama. Alitazama na miti. Akaenda kunawa.

Mwenye duara akaja na pikipiki, tope linaruka. Akatazama shimo, akanitazama mimi, akatazama wachimbaji wake wamesimama mikono mitupu na mwamba uko chini unawangoja. Nikauona uso unavyofanya kazi.

"Haya, haya, acheni kelele," akasema. "Huyu mama ni mtu mzima. Ana siku gani huyu? Hana madhara. Shukeni kazini."

Mnaona? Masharti ya mababu, wenyewe wa chini, mganga na mbuzi wake, yote akayakunja akayatia mfukoni kwa pumzi moja, kwa kuwa dhahabu iko karibu. Mwinjilisti angetamani kumsahihisha mtu haraka namna ile. Na vijana wakaanza kutazamana, na mdogo wangu akashika tena ile kamba ya winchi.

Nikasema kwa sauti ya kwaya, iliyobaki: "Nani kakwambia sina? Niko kwenye siku zangu hivi ninavyokaa hapa!"

Kama ilikuwa kweli au uongo, hiyo ni habari yangu na nguo zangu. Wanaume wote walirudi nyuma. Mdogo wangu aliachia kamba, uso umemshuka kwa aibu.

"Dada," akasema. "Dada, kwa nini mimi?"

Nilitamani kumzaba kofi. Nilitamani kumkumbatia pia, lakini zaidi kofi.

Duara likafungwa. Mganga akapigiwa simu, akasema mtu asishuke hata kuchukua koleo mpaka aje kulisafisha, na anataka mbuzi mweusi asiye na doa hata la ukubwa wa punje. Sijawahi kumpenda mganga kama nilivyompenda wakati ule. Wakazunguka vijiji vyote wanatafuta mbuzi. Huyu ana kwato nyeupe, huyu ana nywele za kijivu sikioni. Mvua zikaendelea. Mimi nilifukuzwa eneo lile, nikahamisha mafiga yangu barabarani, karibu na kijiwe cha bodaboda.

Nilikuwa nasonga ugali wa mchana niliposikia. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama lori limemwaga mawe mara moja, halafu kimya. Nilikimbia na wengine. Duara lilikuwa limetitia lote, kamba na vigingi na vitambaa vyake vimeingia ndani, na ile ndoo yangu. Hakukuwa na mtu chini. Matimba yaliyovunjika yalikuwa yamechomoza kwenye tope, ncha nyeusi, laini, mtu ungeweza kuyamenya kwa ukucha. Yalikuwa yanaonekana na kila mwenye macho. Nikasema moyoni, basi, sasa macho yao yatawasahihisha, mimi sina haja ya kusema.

Thubutu!

Mwenye duara alinyoosha kidole. "Mmeona? Mmeona alichotufanyia huyu mwanamke?" Na wakaona. Watu wazima, wamesimama juu ya mti uliooza, wakaona mwanamke. Mdogo wangu alikuwa miongoni mwao, hai, mikono na miguu yake yote anayo, na aliona hivyohivyo.

Jumapili nilikwenda kanisani, nikidhani huko nitapumua. Mwinjilisti akapanda madhabahuni amevaa lile koti, akatangaza ushuhuda: lile duara la kishetani, ambalo kanisa lililiombea siku ile mkiwa mashahidi, limeporomoka mchana kweupe. Maombi yamejibiwa! Wakapiga makofi. Nilikaa pale mdomo wazi. Wapagani wanasema nimeliangusha mimi, watakatifu wanasema wameliangusha wao, na mvua iliyokuwa inagonga bati juu ya vichwa vyetu hakuna aliyeitaja.

Baada ya ibada wazee waliniita ofisini. Habari ya ndoo ilikuwa imewafikia, na yale maneno yangu ya mbele ya wanaume yalikuwa yamewafikia na chumvi. Mwenyekiti wa umoja wa wanawake hakuweza kuyatamka. Alisema tu "lile neno," akafunika mdomo kwa leso.

"Mama," mwinjilisti akaanza, kwa upole ule wao, "wewe kama Mkristo ulipaswa kuwasahihisha katika uongo wao. Badala yake umeutumia. Umeutia nguvu."

"Ninyi mliwasahihisha. Walishuka."

"Na Mungu akawalinda!"

"Akawalinda mpaka lini? Mbona hamkutaka kumpa Mungu mti hata mmoja wa kulindia?"

Yule mzee mwenye mikaratusi akakohoa, akatazama dari. Wakaniambia nitubu mbele ya kanisa. Nikawauliza nitubu nini hasa, kwamba mtoto wa mama yangu hajafa? Mwenyekiti akasema nina kiburi. Ni kweli, ninacho, kingi tu. Wakaniweka benchi la nyuma, na Meza ya Bwana siigusi mpaka nitakapotubu. Ndiko niliko hadi leo. Kule nyuma kuna hewa nzuri.

Jambo moja walilosema lilikuwa kweli, na sitawanyima. Uongo ule niliutia nguvu. Maduara mengine sasa wamezungusha kamba mbili, na akina mama waliokuwa wakichambua mawe karibu na mashimo wamesukumwa mbali, juani kabisa, kwa ajili yangu. Mmoja wao alinitemea mate njiani. Hilo linaniuma, linaniuma sana, kuliko benchi lao. Na kesho lile duara likirudi kama lilivyokuwa na mdogo wangu akishika ile kamba, nitakwenda kukalia ndoo tena.

Mama alinipigia kutoka Nkome. Habari zilimfikia kwa wenye magari ya samaki, zote, za jini, za kanisa, za ile kauli yangu. Nikajiandaa kutukanwa.

"Yuko mzima?" akauliza.

"Mzima."

"Haya." Akakata.

Mdogo wangu hanisemeshi. Anaamini nilimharibia maisha, kwamba mwamba ulikuwa chini unang'aa na mimi dada yake nimeufukuza kwa makalio yangu. Amepata kazi kwenye duara jingine, na huko nimeulizia, miti ni mipya. Yule mzee wa Kigoma, naye amehamia huko, alikataa kushuka mpaka ibadilishwe, hakutoa hotuba yoyote, alikaa tu chini akavuta sigara, na wengine wakakaa. Uzi mdogo wangu bado anao. Kichupa anacho. Mchana anakuja barabarani kula, na kwangu hakanyagi. Anakaa kwa mama lishe wa ng'ambo, mbele yangu kabisa, amenipa mgongo ili nimwone vizuri.

Juzi nilimtazama mpaka mwisho. Ningeweza kuvuka barabara nikamweleza upya, polepole, habari za mvua na mti. Nilishika mwiko nikakaa. Kichwani mwa yule mpumbavu hamna imani hata moja iliyonyooka. Alifuta sahani kwa tonge la mwisho, akalamba vidole, akanyoosha mkono akaomba aongezewe maharage.